Maswali ya Wasomaji: Gari la mashindano, kompyuta kwanza au bomba kwanza?

SWALI: Wahariri, habari za kazi. Tuko wanafunzi wanane wa ufundi, tunataka kuunda gari dogo la kiti kimoja kwa kanuni za Formula Student, mashindano ya wanafunzi wanaojiundia magari ya mbio. Tumeambiwa tusikate bomba hata moja kabla ya simulesheni, yaani kulijaribu gari ndani ya kompyuta. Tutumie programu ipi? – Vijana wa Chumbageni, Tanga

JIBU: Programu iacheni kwanza, anzeni na mizani. Pimeni kila kipande mlicho nacho: injini, rimu, betri, usukani, na dereva mwenyewe. Andikeni uzito wa kila kimoja, umbali wake kutoka ekseli ya mbele, na kimo chake kutoka chini. Zidisheni uzito kwa umbali, jumlisheni, kisha gaweni kwa uzito wote; kimo nacho vivyo hivyo. Hapo mna kitovu cha uzito, nukta ambayo uzito wote wa gari ni kama umekusanyika hapo, kabla gari halijazaliwa. Dereva wa kilo 70 kwenye gari la kilo 210 ni robo ya mzigo mzima, na ndiye anayesahauliwa zaidi.

Kisha lichukulieni gari kama nukta moja tu yenye uzito. Excel inatosha, au Octave, programu ya hesabu ambayo ni ya bure. Kateni njia vipande vya nusu mita. Kwenye kila kona, mwendo wa juu kabisa ni kipeuo cha pili cha namba ya mshiko (nguvu ya tairi kushika barabara ikigawanywa kwa mzigo wake) × 9.81 × nusu kipenyo cha kona. Tembeeni mbele kutoka mwanzo mkiongeza mwendo kadiri injini na tairi zinavyoruhusu, halafu rudini nyuma kutoka mwisho kwa uwezo wa breki. Kila kipande kichukue mwendo ulio mdogo kuliko yote. Hesabu hii itawajibu mambo ya uzito, nguvu ya injini na uwiano wa gia. Msiiulize springi, haizijui.

Springi na stabilaiza (chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale kwenye kona) zinahitaji modeli ya magurudumu manne, kwa sababu ya mzigo unaohama kwenye kona. Gari la kilo 280 dereva akiwemo, kitovu cha uzito sentimita 30 kutoka chini, magurudumu ya kushoto na kulia yakiwa mita 1.2 kati yao, likikata kona kwa mara 1.3 ya mvutano wa dunia, linahamisha takriban niutoni 890 kwenda upande wa nje. Nje panabeba 2,260, ndani panabaki na 480. Sasa, tairi likiongezewa mzigo mara mbili, mshiko wake hauongezeki mara mbili. Jozi nzima inapoteza. Stabilaiza kazi yake ni kuamua hasara hiyo ilale zaidi mbele au nyuma: ukikaza ya nyuma, nyuma ndiyo itakayowahi kuteleza.

SWALI: Gari letu lipo. Kompyuta inasema duara moja la majaribio ni sekunde 4.6, uwanjani tunapata 5.4. Dereva analaumiwa kila siku. – Msomaji wa Ngamiani

JIBU: Mwacheni dereva apumzike. Duara la kanuni za Formula Student lina kipenyo cha ndani cha mita 15.25, kwa hiyo katikati ya gari hupita kama mita 8.4 kutoka kitovu cha duara. Kwa sekunde 4.6 kompyuta inadai mshiko wa 1.6. Kwa 5.4 mlipata 1.16, yaani asilimia 72 hivi. Pengo la namna hii ni la kawaida pale data za tairi zinapotoka kwenye mashine yenye mkanda wa msasa, ambao hushika kuliko lami. Punguzeni mshiko ndani ya modeli hadi ikubaliane na saa yenu, kisha msiuguse tena. Kabla ya hapo fagieni uwanja: mchanga unaopeperushwa kutoka ufukweni hauonekani, lakini tairi linauhisi. Zungukeni kulia na kushoto pia, mchukue wastani, maana zege na lami zetu nyingi zimeinamia mtaro.

Baada ya hapo modeli itumieni kulinganisha springi hii na ile. Kutabiri saa kamili ya siku ya mashindano ni kupiga ramli.

SWALI: Kimo cha kitovu cha uzito cha gari lililokamilika kinapimwaje bila mashine? – Fundi, Pongwe

JIBU: Mizani mbili za dijitali chini ya magurudumu ya mbele, dereva amekaa na mikanda imekazwa. Ondoa shokapu, weka vyuma vigumu vya urefu uleule. Shokapu zikibonyea, kipimo kimeharibika. Gia huru, breki zimeachiwa, tairi zimejazwa upepo wa kutosha. Soma mizani, inua ekseli ya nyuma sentimita 40, soma tena. Kwa ekseli zilizoachana mita 1.55, hiyo ni digrii 15. Chukua kilo zilizoongezeka mbele, zidisha kwa 1.55, gawa kwa uzito wote mara tanjenti ya pembe, kisha ongeza kimo cha kitovu cha gurudumu. Kwa gari la kilo 280, kilo 4 zikiongezeka unapata sentimita 8 juu ya kitovu cha gurudumu. Ila tazama: mizani ikikosea nusu kilo tu, umekosea sentimita nzima. Inua hadi sentimita 60 na kosa linashuka kuwa milimita 7 hivi, lakini gari lifungwe kamba kwanza, na asikae mtu mbele yake.