Muulize Shangazi: Mwanangu hali mpaka alishwe na bibi yake

*Shangazi, shikamoo.*

*Mimi ni mzaliwa wa Muheza, nimeolewa Kolkata, India. Mume wangu ni Mbengali, tulikutana Pune tukiwa wanafunzi. Sasa tunaishi kwao, mtaa wa Behala, pamoja na mama yake ambaye ni mjane. Tuna binti wa mwaka mmoja na miezi miwili.*

*Shida yangu ni chakula. Nikimlisha mimi, mtoto hafungui kinywa. Nikileta uji anageuza uso, nikileta ndizi anaitupa chini. Akija bibi yake na sahani ya wali na maboga, anakaa mapajani kwake na kula mpaka anajilamba vidole. Na maboga yenyewe hayana nyama wala nazi, ni boga, viazi, dengu nyeusi na mbegumbegu. Nimejaribu kuyapika, hayafanani na yake. Nikiuliza vipimo, mama mkwe anaonyesha kwa ncha za vidole na kusema "andaj", yaani kwa kukisia tu. Siku nilipotaka kuanza na kitunguu kama tunavyoanza kwetu, alinishika mkono na kukiondoa kitunguu bila kusema neno.*

*Mama yangu akipiga simu kutoka Muheza, swali la kwanza ni: "Mjukuu wangu kala nini, na kalishwa na nani?" Nadanganya. Hata siku ya kulishwa wali wa kwanza, alipotimiza miezi saba, desturi yao ni mjomba ndiye amlishe, na kaka yangu hakuweza kusafiri. Akakaa mahali pake binamu ya mume wangu. Nilijiona mgeni kwenye shughuli ya mwanangu mwenyewe. Nifanyeje?*

*Mama wa Binti, Kolkata*

Marahaba mwanangu. Kwanza hongera, maana mtoto wa umri huo anayekula maboga mpaka akajilamba vidole hana shida ya chakula. Mwenye shida ni wewe, kwa hiyo nitakujibu wewe.

Niliishi Ruwi, pale Muscat, miaka mingi, mlango kwa mlango na mama mmoja Mbengali wa Kihindu kutoka Barishal, Bangladesh. Alipojifungua, mama yake mzazi alikuja kumuuguza, naye alikuwa mjane kama mkweo. Yule bibi hakujua Kiarabu wala Kiswahili, na Kibengali changu kilikuwa cha kununulia nyanya. Tulielewana kwa masufuria. Hayo maboga yako wao huyaita kumror chokka, na nimeyala mpaka watoto wangu wakawa wanayaagiza.

Nianze na kitunguu, maana naona kimekuuma kuliko ulivyoandika. Zamani mila za Wahindu wa Bengal, hasa wa tabaka za juu, zilimkataza mjane samaki, nyama, kitunguu, kitunguu saumu, hata dengu nyekundu. Ilisemwa vyakula hivyo vinaamsha mwili, na mjane, awe bibi kizee au msichana aliyeozwa utotoni, mwili wake ulitakiwa ulale. Sheria ya kumruhusu mjane wa Kihindu aolewe tena ilipita mwaka 1856, baada ya msomi Ishwar Chandra Vidyasagar kuipigania sana, lakini sheria hiyo haikufika jikoni. Wanawake wale waliendelea kupika chungu chao pembeni, na kwa maganda, mashina, maua ya maboga na mbegu wakatoa mapishi ambayo Wabengali wote, hata walafi wa samaki, wanayasifu mpaka leo.

Siku hizi wajane wengi wameyaacha masharti hayo na wengine wameyashika. Mimi mila ile siipendi, nasema wazi. Kumnyima mtu samaki katika nchi ya mito kwa sababu mumewe kafa ni ukatili. Lakini hilo si la kumfundisha mkweo. Ungekaanga kile kitunguu, asingeweza kula alichokipika mwenyewe. Alikuwa anaokoa mlo wake, mwanangu, wala hakuwa anakufukuza jikoni. Tena usimuulize habari hizi mbele ya wageni. Muulize mumeo mkiwa wawili, au subiri siku atakayoanza kukueleza mwenyewe.

Sasa tupike. Dengu nyeusi, robo kikombe, ziloweke usiku kucha kisha uzichemshe ziive. Boga nusu kilo na viazi viwili vikubwa, kata vipande vya ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Mkweo bila shaka anakatia bonti, ule upanga uliosimama kwenye ubao, mtu akaukanyaga ubao kwa mguu na kuisukuma mboga kwenye makali. Zipo bonti zenye meno ya kukunia nazi kwenye ncha, na wewe mtoto wa Muheza uliyekulia juu ya mbuzi huwezi kushindwa na kifaa hicho. Omba kazi ya kukata. Nasema hivi kwa sababu anayekata ndiye anayekaa karibu na sufuria, na vipimo vya andaj haviulizwi, vinatazamwa.

Mafuta ni ya haradali, vijiko vitatu vya chakula. Yaache yapate moto mpaka yaanze kutoa moshi na rangi yake ipauke, kisha punguza moto. Ukiharakisha hapa, ukali wake utabaki puani mpaka jioni. Tia pilipili kavu nzima mbili, jani la bei, mvuje kidogo sana, halafu kijiko kimoja cha chai cha zile mbegumbegu za mkweo, ambazo nitazitaja hapa chini, uwatu ukiwemo. Zitalia. Zikinyamaza tu, tia viazi. Usizisubiri ziwe nyeusi, kwani uwatu ukiungua sufuria yote huwa chungu, na nadhani hapo ndipo yako yanapotofautiana na ya mkweo. Viazi vikaange na manjano na chumvi dakika tano, uongeze tangawizi iliyopondwa na bizari nyembamba ya unga, ndipo ulete boga na dengu. Funika. Boga litatoa maji yake lenyewe, usilimwagie maji kama mchuzi wa kwetu. Likianza kuvunjika kingo, tia sukari kijiko cha chai. Jirani yangu wa Barishal alikuwa akiwacheka watu wa Kolkata kwa sukari yao, lakini wewe uko Kolkata, itie. Malizia na kijiko cha samli na bizari nyembamba uliyoikaanga kavu ukaisaga na pilipili moja.

Sehemu ya mtoto itoe kabla ya ile pilipili ya mwisho, na dengu zake ziponde kabisa. Dengu nzima inaweza kumkaba mtoto wa umri huo.

Na hizo mbegu umezitazama vizuri? Wao huziita panch phoron, ni tano kwa vipimo sawa: bizari nyembamba, uwatu, habasoda, shamari na haradali, ingawa jikoni kwa mkweo ya tano huenda ikawa radhuni, mbegu ndogo yenye harufu ya kukaribia ya selari. Hebu niambie kipi kati ya hivyo hukukiona kwa bibi yako. Uwatu si ndio tuliopikiwa uzazini? Habasoda na mvuje si ndivyo vilivyofungwa kwenye kitambaa, tukavishwa watoto wachanga tusipatwe na jicho? Huko wanautia mvuje kwenye mafuta, sisi tuliufunga mkononi mwa mtoto. Hata kipaji cha wanja kwenye paji la uso, wanachompaka binti yako ili asihusudiwe, bibi yako angempaka vilevile. Umeandika kama mtu aliyeingia jikoni asikokuta kitu chake, na mimi nakwambia nusu ya kabati hilo ungeweza kulitaja majina gizani.

Tuje kwenye kulisha. Mtoto akishavuka mwaka, kasi ya kukua inapungua na hamu ya chakula inapungua nayo. Mama wa mtoto wa kwanza anaingiwa na hofu, bibi hana hofu kwa sababu ameshaliona hilo. Mtoto anajua nani anamlisha kwa wasiwasi. Halafu bibi analisha kwa mkono: anaponda, anatoa nyuzi za boga, anafinyanga donge dogo, na joto lake analipima kwa vidole kabla halijafika mdomoni. Wewe umetaja uji, basi una kijiko. Kiweke kabatini kwa muda.

Na liko jambo ambalo hukulisema, nami nalikisia kwa umri wa mtoto. Bado unanyonyesha, sivyo? Basi akikaa mapajani kwako anataka ziwa. Harufu yako kwake ni maziwa. Kwa bibi hakuna ziwa, kwa hiyo kuna wali. Nimewaona watoto wa namna hiyo wakigoma kwa mama na kula vizuri kwa shangazi, kwa dada wa kazi, kwa jirani, na mama zao wakilia kama unavyolia. Mnyonyeshe baada ya mlo, si kabla, na wakati wa mlo keti pembeni ya bibi na sahani yako, ule zako. Usimwite, usimbembeleze. Akinyoosha mkono kuchukua kwako, mwache achukue, hata akimwaga.

Mimi kazi ilinilazimu kumwachia jirani mwanangu wa mwisho mchana, na yule bibi wa Barishal ndiye aliyemfundisha kula majani ya mlonge. Ilinichoma kidogo, sikatai. Nilikuwa nikirudi jioni natamani kusikia kwamba amekataa kula. Hilo ni jambo la aibu kulitamka, na kina mama wengi tunalo. Halikuisha kwa kujionya. Lilipungua siku nilipoanza kufika mapema na kumenya mboga pamoja na bibi, nikawa namwona mtoto anavyokula badala ya kuhadithiwa.

Kwa mama yako acha kudanganya. Mwambie: "Kala maboga, kalishwa na bibi yake." Atanyamaza kidogo, kisha atauliza maboga gani. Mweleze. Akisikia kuna uwatu ndani yake ataanza yeye kukufundisha, utakoma.

Ama mjomba, umelichukua kwa uzito kuliko desturi yenyewe. Siku ya wali wa kwanza ikipita imepita, na siku ile binti yako aliwekewa sinia lenye kalamu, kitabu, udongo na kitu cha thamani ili achague. Hukuniambia alishika nini, nami ningependa kujua. Lakini kile alicholishwa, payesh, yaani mchele uliochemshwa kwenye maziwa mpaka ukalainika, hupikwa kila siku ya kuzaliwa pia. Kaka yako akipata nauli mwaka huu au mwaka wa kesho, apange aje siku hiyo, amlishe yeye. Akija majira ya baridi atakuta nolen gur, sukari guru ya mtende mwitu, na payesh yake haifanani na ya sukari ya dukani. Mwambie asije mikono mitupu, mkweo apelekewe iliki na karafuu za Amani, huko kwenu Muheza. Mpishi wa andaj huwezi kumpelekea kitambaa ukadhani umempa zawadi.

*Shangazi, mke wangu amejifungua wiki iliyopita. Jirani yetu Mbengali amemletea kitu cheusi kilichosagwa, kikali, anasema ale na wali kitaongeza maziwa. Mama yangu ameshangaa, amekiweka juu ya friji. Ni nini?*

*Baba Mpya, Mombasa*

Hongera baba. Hicho ni kalo jeere bhorta, habasoda iliyokaangwa kavu ikasagwa na kitunguu saumu, pilipili, chumvi na mafuta ya haradali mabichi. Wabengali humpa mzazi kama sisi tunavyompa mchuzi wa pilipili manga. Mwambie mama ni habasoda ileile anayoijua, na kama hataki kuamini mnusishe.

Kuhusu maziwa, yanaletwa zaidi na mtoto kunyonya mara kwa mara, usiku na mchana. Kama mtoto ananyonya kwa shida au hakojoi vya kutosha, usingoje habasoda, mpelekeni kliniki leo hii. Kama yote ni sawa, kiteremsheni juu ya friji. Mkeo ale kiasi cha nusu kijiko cha chai, na wali wa moto, mwanzoni mwa mlo, kabla hajagusa kitu kingine. Sahani ya jirani msiirudishe tupu.