Kwa mkaguzi mpya wa mionzi: jalada, mlango na beji

Wadogo zangu mnaoanza ukaguzi wa mionzi hapa Dar es Salaam, mjue kwamba mara nyingi watu wanawasubiri. Taarifa ikishafika kwamba Tume ya Nguvu za Atomu inakuja wiki ijayo, aproni za risasi (ile metali nzito inayozuia mionzi) zinafutwa vumbi, alama ya mionzi inabandikwa upya mlangoni, na beji za kupimia dozi anayopata mfanyakazi zinatoka kwenye droo. Ukaguzi wa taarifa una faida yake: unamkuta msimamizi wa usalama wa mionzi, unazikuta nyaraka, na mashine inakuwa haina foleni ya wagonjwa. Ila kinachomlinda mfanyakazi ni kile kinachofanyika siku ambazo hampo. Hicho ndicho cha kutafuta, hata siku mliyopangiwa kila kitu kikawa kinang'aa.

Anzeni na jalada, ofisini, kabla hamjaita gari. Sheria ya Nguvu za Atomu Na. 7 ya 2003, iliyoiunda Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania kutoka iliyokuwa Tume ya Taifa ya Mionzi ya sheria ya 1983, imejengwa juu ya leseni: bila leseni humiliki wala hutumii chanzo cha mionzi. Kwa hiyo jalada likwambie mambo manne: leseni inaisha lini, namba ya mashine au ya chanzo ni ipi, chumba kilichoidhinishwa kilichorwaje, na ukaguzi uliopita uliacha agizo gani. Nakili namba hizo kwenye daftari. Ukifika, usiombe kusomewa; inama nyuma ya mashine usome kibandiko mwenyewe. Zahanati nyingi hubadilisha tyubu (sehemu ya mashine inayotoa eksirei) au hununua mashine ya mtumba, leseni ikaendelea kusomeka ya zamani.

Pia mita yako ya kupimia mionzi. Kagua betri, kagua cheti cha urekebishaji, kinachoonyesha inasoma sawasawa, kama hakijapitwa na wakati, iwashe nje kwenye hewa ya kawaida uone inasoma karibu na 0.1 maikrosiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) kwa saa. Kuna mameneja wanaosoma sana, watakuuliza cheti cha mita kabla hujawauliza leseni yao, na wana haki.

Kabla ya kuingia popote, panga kichwani: unachokwenda kukiona ni mashine au ni chanzo? Mashine ya eksirei ikikatiwa umeme haina mionzi kabisa, ni chuma tu. Chanzo, yaani kobalti-60 au siziamu-137 iliyofungwa ndani ya kapsuli, hakina swichi. TANESCO wakate, wafanyakazi waende sikukuu, kampuni ifilisike, chenyewe kinaendelea. Kobalti-60 hupungua nguvu kwa nusu kila baada ya miaka mitano na kidogo, siziamu-137 miaka 30. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua utakaa wapi muda mrefu. Kliniki ya meno Kariakoo haihitaji kukaguliwa mara nyingi kama kampuni inayopiga picha za mabomba kwa chanzo cha iridiamu, na sehemu kama Ocean Road, wanakotibu saratani kwa dozi kubwa, wanahitaji jicho la karibu zaidi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki huvipanga vyanzo katika makundi matano, la kwanza likiwa la hatari kubwa kuliko yote, na ratiba ya ukaguzi hufuata uzito huo.

Sasa chumba cha eksirei, maana huko ndiko mtakakoshinda siku nyingi.

Simama kwanza nje dakika chache, kwenye benchi la wagonjwa, usijitambulishe kwa kelele. Tazama mlango. Jiji letu lina joto, na kiyoyozi kikiharibika mlango wa risasi wa gharama kubwa unawekewa tofali ubaki wazi. Hakuna hesabu ya unene wa ukuta itakayosaidia mlango ulio wazi. Tazama taa nyekundu juu ya mlango kama inawaka picha inapopigwa. Tazama akina mama wanaoshika watoto: wamepewa aproni, au wameambiwa tu "mshike vizuri"? Ukiingia na kitambulisho shingoni, yote haya yananyooka ghafla.

Ndani, usipime chumba kikiwa kitupu. Kinachompata mtaalamu wa eksirei na mtu wa koridoni ni mionzi inayotawanyika kutoka kwenye mwili wa mgonjwa, kwa hiyo lazima pawe na kitu cha kuitawanya. Dumu la maji la lita 20 mezani linatosha, na kila mahali lipo. Kwa makadirio ya kawaida, mita moja kutoka kwa mgonjwa mionzi iliyotawanyika ni kama sehemu moja ya elfu ya ile iliyomfikia. Pima nyuma ya kioo cha mwendesha mashine, kwenye upenyo wa mlango, chini ya dirisha, halafu zunguka nje. Nyumba za mjini hubadilika bila kumuuliza mtu: ukuta ambao kwenye mchoro uliandikwa "stoo" leo nyuma yake kuna kibanda cha miamala ya simu na binti amekaa hapo tangu asubuhi hadi usiku. Mwananchi wa kawaida kikomo chake ni milisiveti 1 kwa mwaka, na huyo binti ni mwananchi wa kawaida. Chumba kinahitaji kufanyiwa hesabu upya, hata kama mashine haijaguswa.

Mita ikiruka juu, msishtuke wala msiwashtue wenyeji. Picha moja huchukua sehemu ndogo ya sekunde, na namba unayoiona ni kasi ya pale pale tu. Iweke mita kwenye hali ya kujumlisha dozi, kisha ulizeni picha ngapi hupigwa kwa wiki, kwa mipangilio gani, ndipo mpate dozi ya mwaka. Na kinyume chake ni kweli: mita inayoitikia polepole inaweza kukuonyesha mionzi kidogo mahali penye mingi. Hapo ndipo wageni wengi huandika "salama" wakati hawajapima chochote.

Vipimo vya ubora fanyeni vyote, ila mwanga wa kolimeta, kifaa kinachopanga ukubwa wa eneo linalopigwa mionzi, naupa uzito wa pekee. Mwanga unaoonekana na mionzi isiyoonekana vitofautiane kwa si zaidi ya asilimia 2 ya umbali, yaani sentimita 2 kwenye mita moja. Ukipita hapo, mtaalamu anadhani anapiga kifua kumbe anapiga na shingo, picha inaharibika, inarudiwa, na mgonjwa analipa kwa dozi ya pili. Kwenye maeneo ambayo umeme unapanda na kushuka, angalieni pia kilovolti kama zinalingana na zilizoandikwa kwenye paneli.

Beji nazo. Swali la "Je, mnavaa beji?" halina maana, jibu lake linajulikana. Sema, "Naomba nione yako." Ukiikuta imening'inizwa kwenye aproni ukutani ndani ya chumba, basi kwa miezi yote hiyo imekuwa ikipima dozi ya ukuta. Ukikuta beji za watu wote zimerudi na sifuri kila kipindi, kwenye idara yenye foleni hadi koridoni, usifurahi haraka. Huenda zimeishi kwenye droo. Beji huvaliwa kifuani, chini ya aproni kama unayo moja tu.

Na hapa kuna jambo la Dar es Salaam hasa. Mtaalamu wa eksirei wa hospitali ya serikali, saa tisa na nusu mchana anatoka, saa kumi na moja yuko zahanati binafsi Mbagala au Sinza anapiga hadi saa nne usiku. Wote tunalijua. Kikomo cha mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka katika miaka mitano mfululizo, na mwaka wowote usizidi 50, lakini kikomo hicho ni cha mwili wake, hakigawanywi kwa idadi ya waajiri. Kama beji inabaki kazini kwa asubuhi, nusu ya siku yake haina kumbukumbu. Muulize kwa heshima, peke yake, mlango umefungwa. Hujaja kumnyima riziki. Umekuja kuhakikisha mwajiri wa jioni naye anampatia beji na dozi zote zinajumlishwa.

Msizungumze na wakubwa tu. Mwamkie mfagizi, tena kwa shikamoo kama umri wake unataka, kisha muulize akiona taa nyekundu anafanya nini. Muulize muuguzi wa zamu ya usiku mashine ya kutembeza wodini huletwa na nani, na wagonjwa wa vitanda vya jirani husogezwa wapi. Soda na chakula kataeni kwa ucheshi. Bebeni maji yenu.

Viwandani na barabarani ni kazi nyingine. Wajenzi wa barabara hutumia kipima msongamano wa udongo chenye siziamu na amerisiamu. Kitafuteni kwenye stoo yake, siyo kwenye maelezo. Kufuli mbili, daftari la kutoka na kurudi, na jina la aliyekichukua leo. "Kiko saiti" si jibu mpaka waseme saiti ipi.

Wapiga picha za mabomba kwa iridiamu-192 hupenda kazi ya usiku, kwa kuwa watu wamepungua. Nendeni usiku. Angalieni kamba ya kuzuia watu imewekwa wapi na nani analinda upande wa pili, na zaidi ya yote, baada ya kila picha je, mtu anaifuata kamera, yaani kasha linalobeba chanzo, na mita mkononi kuhakikisha chanzo kimerudi ndani? Hatua hiyo moja ndiyo watu waliochoka huiruka. Mwaka 1999, kwenye mtambo wa umeme wa Yanango nchini Peru, mchomeleaji aliokota chanzo cha iridiamu kilichochomoka, akakitia mfuko wa nyuma wa suruali asijue ni nini. Mguu wake ulikatwa.

Chanzo kilichostaafu kinahitaji kuulizwa kuliko kinachofanya kazi. Kiwanda kinabadilisha kipimo cha zamani, kinakiweka nyuma ya ghala, meneja anahama, mrithi wake anaona chuma kizito na bei ya chuma chakavu imepanda. Goiânia, Brazil, mwaka 1987, watu walibomoa kichwa cha mashine ya tiba iliyotelekezwa. Siziamu ikasambaa mitaani, watu wanne wakafa na 249 wakakutwa wamechafuliwa. Kwa hiyo orodha ya jalada ikisema vyanzo vitatu, usiondoke umeona viwili, hata ukiambiwa mwenye ufunguo amesafiri. Subiri ufunguo. Kisichotumika tena kirudi kwa aliyekiuza au kiende kwenye hifadhi ya mabaki ya mionzi Arusha, kwa maandishi.

Kikao cha kufunga kifanyike na mwenye mamlaka ya kutoa pesa, maana msimamizi wa usalama peke yake hawezi kununua mlango. Mwelezeni yale yale mtakayoyaandika, asije akakutana na jipya kwenye ripoti. Kama kuna hatari ya sasa hivi, kazi isimame pale pale. Mengine yapewe muda. Msitangaze adhabu za kujitungia kichwani. Na kwenye ripoti andikeni mlichokiona, siyo mlichokihisi: "Saa nne na dakika ishirini asubuhi mlango wa chumba namba mbili ulikuwa wazi mgonjwa akipigwa picha" inashinda "usalama hauridhishi", kwa sababu ya kwanza mwenyeji hawezi kuibishia na mkaguzi atakayekuja baada yako atajua asimame wapi. Tarehe ya kurudi iandikeni mbele yao, na siku hiyo ikifika msitangulize simu.