Maswali na Majibu: Magnesiamu na Betri Zetu

SWALI: Assalaam aleikum, wahariri. Nina nyumba ya wageni hapa Shela, Lamu, inayotumia umeme wa sola. Betri zangu za asidi zimechoka. Fundi aniambia nisubiri betri za magnesiamu, eti ni rahisi kuliko za lithiamu na hazishiki moto. Nisubiri?

JIBU: Wa aleikum salaam. Usisubiri, ndugu yetu. Uwezo wa magnesiamu fundi hakuutia chumvi, ila betri yake ya kuchajiwa haijafika madukani, na kazi iliyobaki si ndogo.

Ioni ya magnesiamu, yaani chembe yake yenye umeme, hubeba chaji mbili pale ya lithiamu inapobeba moja. Kwa hiyo sentimita moja ya ujazo ya metali hiyo huweka miliampea-saa 3,833, na ya lithiamu 2,060 hivi. Kwenye mizani mambo hugeuka: gramu ya lithiamu hutoa 3,861, ya magnesiamu 2,205. Kwa betri ya nyumbani isiyohamishwa, uzito si neno.

Kinachokwamisha ni utando. Metali zote mbili zikigusana na elektrolaiti, kile kimiminika cha ndani ya betri kinachopitisha ioni, hujifunika ngozi nyembamba. Ya lithiamu huruhusu ioni kupita. Ya magnesiamu huzizuia, na betri hugoma kuchaji. Elektrolaiti za etha zenye kloridi huepusha utando huo, lakini kloridi hiyo hiyo hula chuma na alumini iliyo ndani ya betri. Kwenye kathodi nako, yaani upande chanya wa betri, ile chaji mbili tuliyoisifu huifanya ioni ing'ang'anie kila inapoingia, ikatembea kwa kujikokota. Mwaka 2000, Doron Aurbach na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan, Israeli, walionyesha seli yenye kathodi ya molibdenamu na salfa iliyochajiwa zaidi ya mara 2,000. Hatua kubwa kweli. Lakini ilitoa volti 1.1 hivi. Kufikia volti 12.8 za betri ya sola ungehitaji seli kama 12, ilhali za lithiamu-chuma-fosfeti, aina mojawapo ya betri za lithiamu, zatosha nne.

Na moto? Magnesiamu haioti kirahisi zile sindano za lithiamu zinazotoboa kitenganishi cha pande mbili za betri na kuleta shoti. Hata hivyo etha huwaka, na magnesiamu yenyewe ikishika moto usiimwagie maji, kwani hutoa hidrojeni. Tumia mchanga mkavu.

Kwa sasa nunua lithiamu-chuma-fosfeti. Ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,280, na waweza kutumia 1,000 bila kuiumiza. Ya asidi ya ukubwa huo, usivuke 600. Hakikisha mipangilio ya kontrola ya chaji imebadilishwa: iwe volti 14.2 hadi 14.4, na chaji ya kusawazisha, ile ya volti ya juu ya betri za asidi, izimwe kabisa. Ikiachwa, volti huweza kupita 15, saketi ya ulinzi ndani ya betri ikakata umeme jua likiwa kali, na mwenye nyumba akadhani ameuziwa betri mbovu. Kwa ajili ya hewa ya chumvi, kaza vichwa vya betri kwanza, kisha ndipo upake grisi.

SWALI: Huku Gongoni, Malindi, chumvi ikishavunwa hubaki maji machungu. Nimesikia yamejaa magnesiamu. Mbona vijana wasitengeneze betri nayo?

JIBU: Imejaa kweli. Lita ya maji ya bahari ina gramu 1.3 hivi za magnesiamu, maelfu ya mara kuliko lithiamu, na chumvi ya kula ikishaganda, magnesiamu hubaki kwenye hayo maji. Ukitia chokaa hushuka tope jeupe la haidroksaidi. Tope hilo hutiwa asidi ya haidrokloriki likawa kloridi, kloridi ikakaushwa, ikayeyushwa kwenye nyuzi 700 hivi na kupitishwa umeme. Kazi huharibika kwenye kukausha: ukiipasha moto ovyo ikiwa bado na maji, hugeuka oksaidi na kutoa mvuke wa asidi. Halafu kila kilo ya metali hula zaidi ya kilowati-saa 10 na kutoa karibu kilo 2.9 za gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Hicho ni kiwanda chenye wakemia, si kazi ya uani. Tena, kinachochelewesha betri hizi si uhaba wa magnesiamu.

SWALI: Mimi ni mvuvi wa Matondoni, Lamu. Nimeona taa inayowaka ukiitia maji ya bahari. Naweza kujiundia?

JIBU: Waweza, bwana, na hapa magnesiamu inafanya kazi tangu zamani, taa za maboya ya kujiokolea hutumia njia hii. Jua tu kwamba haichajiwi. Metali huliwa mpaka iishe.

Tafuta kwa mafundi bomba ile fimbo ya ndani ya hita ya maji. Nyingine ni za alumini, hivyo ikwangue na udondoshee siki: magnesiamu hutoa povu papo hapo, alumini hutulia. Kata vipande vinne. Kila kipande kiwe kwenye kikombe chake cha plastiki, kizungukwe na wavu wa shaba bila kugusana nao. Unganisha shaba ya kikombe kimoja na magnesiamu ya kinachofuata, kisha taa ndogo ya LED nyeupe, inayotaka volti 3 hivi, kwenye ncha mbili zilizobaki. Isipowaka, geuza waya zake.

Vikombe visichangie maji hata kidogo, wala yasimwagike kati yake. Umeme hupita majini, na seli nne zikawa kama moja. Ukitumia maji ya kisima, tia gramu 35 za chumvi kwa lita, yaani vijiko viwili vya mezani.

Taa ikififia, tazama shaba: imejaa viputo na utelezi mweupe. Itikise, badilisha maji. Gramu moja ya magnesiamu hutoa ampea-saa 2.2 kwa hesabu, lakini nusu yaweza kupotea kwa kuliwa na maji bure. Hata hivyo, kwa taa ya miliampea 20, gramu moja katika kila kikombe ni kama saa 55. Usiifungie ndani ya sanduku, maana hutoa hidrojeni, na usiiweke karibu na jiko. Ukirudi pwani, mwaga maji, suuza fimbo kwa maji matamu na uzianike. Zikilala kwenye chumvi huendelea kuliwa hata taa ikiwa imezimwa.