Kwa nini kiinitete kisicho na CENP-A hakifi mara moja?

Swali: Daktari, shikamoo. Nasoma shahada ya kwanza ya baiolojia. Tumefundishwa kwamba panya asiye na jeni ya CENP-A hufa akiwa bado tumboni, ila asiye na CENP-B huzaliwa na kuishi. Zote si protini za sentromia, yaani sehemu ya kromosomu inayoshikwa seli inapogawanyika? Na kama CENP-A ni ya lazima, mbona kiinitete hakifi pale pale seli ya kwanza inapogawanyika?

Jibu: Marahaba. Nianze na la mwisho, maana ndilo linalonoga. Kiinitete hicho kinaishi kwa akiba ya mama. Katika majaribio hayo kila mzazi ana nakala moja nzima ya jeni na moja iliyoharibiwa, na mwenyewe ni mzima kabisa. Kwa hiyo yai la mama linakuwa na protini ya CENP-A tangu kabla ya kutungishwa.

CENP-A ni histoni, yaani protini ambayo DNA huizunguka; hukaa kwenye sentromia mahali pa histoni ya kawaida iitwayo H3, na ikishakaa haibanduki ovyo. DNA inaponakiliwa, zile zilizopo hugawanywa nusu kwa nusu kati ya kromatidi mbili, yaani nakala mbili za kromosomu. Seli huziba pengo baadaye, mwanzoni mwa G1, hatua inayofuata baada ya seli kugawanyika. Kwa binadamu anayezipeleka ni protini iitwayo HJURP. Asiye na jeni hana cha kuzibia. Kila mgawanyiko unapunguza akiba, hadi kinetokori, yaani mkusanyiko wa protini juu ya sentromia, inashindwa kujengeka na nyuzi zinazovuta kromosomu zinakosa pa kushika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, viinitete hivyo havikuvuka siku 6.5 tangu kutungwa. Seli zake zilijaa viini vidogo vya pembeni na madaraja ya kromatini (DNA pamoja na protini zake), dalili kwamba kromosomu zinagawanywa vibaya. CENP-C ikikosekana, mambo huharibika mapema zaidi, kwenye siku ya 3.5 hivi.

Sasa CENP-B. Herufi hizo zisikupoteze: mwaka 1985 Earnshaw na Rothfield walizipata protini hizi kwa kutumia kingamwili za wagonjwa wa skleroderma (ugonjwa wa kinga unaokaza ngozi), na A, B, C zinafuata ukubwa wa molekuli tu. CENP-B hushika kipande maalumu cha DNA chenye jozi 17 za besi. Kromosomu Y ya binadamu haina kipande hicho, na bado inagawanywa; ndiyo maana panya anaweza kuishi bila CENP-B. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema CENP-B haina kazi: panya walioikosa walikuwa na uzito mdogo, wa mwili na wa korodani pia.