Mtoto anaharisha akiwa kwenye antibayotiki: mtindi unafaa?

Dada wa Pongwe, pole na mwanao. Umesema ana miaka 4 na ameanza kuharisha siku ya tatu ya amoksilini. Mtindi unaweza kusaidia, ila haushiki nafasi ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini): pakiti 1 kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa.

Antibayotiki haichagui, inaua hata bakteria wema wa utumbo. Hao huwabana wabaya kwa kugombea nao chakula na nafasi, na kwa kutoa asidi. Wa kwenye mtindi ni vibarua tu. Ukiacha kuunywa, wengi hutoweka.

Chemsha maziwa (mabichi huweza kuleta brusela, ugonjwa wa homa utokao kwa mifugo, hata ng'ombe awe wa shangazi). Yakiwa vuguvugu, kidole kinavumilia, tia vijiko 2 vya mezani vya mtindi hai (wenye bakteria walio hai, ndio mbegu) kwa lita, funika kwa muda wa saa 8 hadi 12. Ukitia yangali moto, mbegu inakufa na hayagandi. Mpe nusu kikombe, saa 2 baada ya dawa. Usiupashe moto.

Dozi usiikatishe bila kumuuliza tabibu. Kama ana ugonjwa unaoshusha kinga, muulize kwanza hata kuhusu mtindi. Akiharisha damu, macho yakididimia au asipokojoa, mpeleke hospitali ya Bombo leo hii.