Lala sakafuni kwanza, ndipo ulipe

Vani yangu ya kwanza ya kugeuza kuwa chumba cha safari niliinunua kwa sikio. Injini iliwaka mara moja, ikanguruma kistaarabu, moshi hakuna, nikatoa hela. Miezi mitatu baadaye, mbao zimeshakatwa na kitanda kimeshafungwa, ndipo nikagundua kwamba siwezi kuvaa suruali nikiwa nimesimama. Paa lilikuwa fupi. Unaweza kujiambia utazoea, lakini mpaka wiki ya pili mgongo unakuwa na maoni yake.

Kwa hiyo siku hizi mtu akiniuliza anunue gari gani la kugeuza kuwa chumba cha safari, namuuliza ana urefu gani. Nenda na futikamba, vua viatu, ingia, simama wima, kisha lala chini uone miguu inaishia wapi. Kumbuka kwamba mbao za sakafu, za dari na tabaka za kuzuia joto na baridi vitakula sentimita 5 hadi 8 za kimo. Upana nao una siri yake. Fiat Ducato na pacha zake, Peugeot Boxer na Citroën Jumper, zina kuta zilizosimama karibu wima na upana wa ndani wa takriban sentimita 187, hivyo mtu wa kimo cha wastani hulala kwa kukingama. Hapo umeokoa zaidi ya nusu mita ya urefu, na nusu mita ndiyo jiko zima. Kwenye Mercedes Sprinter au Ford Transit, ambazo ni nyembamba kidogo, warefu hulazimika kulala kwa kufuata urefu wa gari.

Madirisha? Mimi nachukua vani isiyo nayo. Tundu utalitoboa mwenyewe unapolitaka.

Sasa uzito, ambao wengi tunaukumbuka tukiwa tumeshachelewa. Vani nyingi kubwa zimewekewa kikomo cha kilo 3,500, gari na vyote vilivyomo. Usiamini uzito wa kwenye karatasi za mauzo. Lipeleke tupu kwenye mizani, kisha toa uzito huo kwenye kikomo. Kinachobaki ndicho bajeti yako, na kinaisha haraka. Maji lita 100 ni kilo 100. Plaiwudi moja ya milimita 18 inakaribia kilo 30, nami nilitumia tisa bila kufikiri. Betri ya risasi ya Ah (ampea-saa) 100 ni kilo 30 hivi, ya lithiamu haifiki nusu yake. Jumlisha abiria, chakula, nguo. Baiskeli zetu zilibaki nyumbani.

Halafu kutu. Injini ikifa utafunga nyingine, ila bodi ikiliwa utakuwa unajenga kabati juu ya chuma kinachopukutika. Wakati natafuta vani ya pili, nilikuta moja imepigwa rangi nyeusi mbichi chini yote. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nikaomba kufunua mpira wa sakafu karibu na mlango wa kusukuma. Chini yake palikuwa na unyevu na harufu ya soksi zisizokauka. Nikasukuma bisibisi kwa vidole viwili tu, ikazama, ncha ikatokea upande wa pili. "Hicho kitu kidogo, kaka," akasema muuzaji. Nikamrudishia ufunguo. Kagua pia juu ya matairi, kingo za kioo cha mbele, na paa, hasa kama liliwahi kubeba keria, maana matundu yake ya skrubu ndiyo huvujisha.

Injini na gia mpe fundi unayemwamini, asiye rafiki wa muuzaji. Uliza mkanda wa taimingi, ule unaoendesha vali za injini, ulibadilishwa lini, na kama spea zinapatikana huko unakokwenda.

Vani tuliyo nayo sasa tuliichora kwa chaki sebuleni kabla ya kuitafuta, kwa vipimo kamili. Tukalala humo siku mbili, tukapika kwenye jiko dogo, tukawa tunaomba njia kila mmoja akitaka kupita. Usiku wa kwanza tu mke wangu alifungua mlango wa friji wa kufikirika, ukagonga kitanda. Tukafuta chaki, tukahamishia jiko upande wa pili.