Kwa manesi wapya wa chumba cha katheta: kwenye PDA ya kichanga anza na joto

Wadogo zangu mliopangiwa mwezi huu chumba cha katheta, yaani pale tunapopitisha mrija mwembamba kwenye mshipa mpaka moyoni, nawaona wote macho kwenye skrini mnataka kuona waya unavyopita, na mimi nilianza hivyohivyo, ila mtoto akiletwa kuzibwa PDA kazi yako wewe nesi iko chini ya shiti.

PDA ni ule mshipa unaounganisha aota na mshipa wa kwenda mapafuni. Akiwa tumboni mtoto anauhitaji, akizaliwa kwa kawaida unajibana ndani ya siku 2 au 3, usipojifunga damu inajaa mapafuni, moyo unachoka, mtoto ananyonya huku kichwa kimelowa jasho na kwenye kadi ya kliniki kilo haziongezeki. Zamani dawa ikishindwa ni kupasua tu, sasa tunaingia kwa paja tunaacha kizibo cha nyaya zilizosukwa. Marekani 2019 waliruhusu hadi kizibo cha njiti wa gramu 700.

Mwaka wangu wa kwanza, hospitali niliyokuwa zamani, tulikuwa na mtoto wa kilo 4 hivi. Mimi ndo nilisafisha paja, nikamwaga dawa nyingi ikachuruzika mpaka mgongoni, nguo aliyolalia ikalowa na sikubadilisha kwa sababu shiti steraili zilishatandikwa. Blanketi la hewa ya moto limechomekwa, kumbe swichi ya ukutani iko ofu. Mapigo yakaanza kushuka, 140, 120, 105, wote tunadhani waya unagusa moyo, mpaka daktari wa usingizi akauliza joto ngapi. 34.8. Tulisimama pale kumpasha moto karibu nusu saa, mtoto alipona jamani, ila ile namba naiona mpaka leo.

Kwa hiyo ukiwa na mimi: AC inapunguzwa kabla mtoto hajaingia, kofia kichwani, dawa ya kusafishia kidogo na kilicholowa kinatolewa hapohapo, maji ya kuflashi, yaani ya kusukuma kwenye mirija isizibe, yana uvuguvugu, na joto linasomeka kwenye monita kabla ya shiti ya kwanza. Halisomeki, hatutandiki.

Halafu damu. Mtoto wa kilo 3 damu yake yote ni kama mililita 250, haijazi chupa ya soda, hivyo gozi zihesabiwe na kila flashi iandikwe hata kama ni mililita 1.

Dokta akiwa hajazungusha kebo iliyoshika kizibo ili kukiachia, tulieni, msimsemeshe. Eko, ile ultrasound ya moyo, inaangalia kama kimebana aota au mshipa wa pafu la kushoto, na hapo bado kinarudishika. Kikishaachiwa kikahama ni kukifuata na kitanzi, ule waya wa kukinasa na kukivuta nje, kwa hiyo kitanzi ujue kiko kabati gani kabla hujaulizwa. Kikikaa vizuri tazama presha ya chini inavyopanda, mimi huwa nafurahi sana nikiiona.

Wodini shika mguu kwa mkono wako, kila dakika 15 saa ya kwanza, linganisha na mwenzake: ukiwa wa baridi, mweupe, au pigo la mguuni hulipati, piga simu muda huohuo, usingoje raundi. Na mama yake mwambie kwa maneno yake kwamba kizibo kinabaki humo, arudi kwa eko, na ndani ya miezi 6 mtoto akipelekwa kwa daktari wa meno au kufanyiwa upasuaji aseme kwanza, kuna antibayotiki ya kukinga moyo.